Chapo Moja, Madondo Mob

Kwa kila steji Nairobi kuna ile troli ya smokie. Cheki ndani vizuri: upande moja smokie zimelala kwa joto, upande ingine ni mayai boilo. Kachumbari ni ile ile, pilipili ni ile ile, na msee wa troli anazipasua zote na kisu moja. Bei pia zinakaribiana. Smokie ni nyama ya kiwanda, iko na chumvi na mafuta mob. Yai ni protini, inakaa kwa tumbo, hautaskia njaa mat ikifika Pangani. Sasa simama hapo saa moja asubuhi, wasee wakikimbilia wera, uone ni gani inaisha kwanza.

Hii stori ni ya hiyo troli na vitu zingine kama hizo. Ni stori ya venye mwili inachoma dishi: sukari kwa damu, presha, kolestro, na hiyo kitambi yenye wasee huficha na tisheti ya kubwa. Kwa mtandao wamekuingiza box ati ndio ukuwe fiti lazima uwe na ganji ya jim huko Westi, unga ya lozi na mbegu za kuagiza. Zii. Vitu zenye zinaamua kama utapata ugonjwa ya sukari ukiwa na miaka 40 ziko hapa mtaani, na nyingi hauzilipii hata finje. Ya kwanza ni chenye unakunywa, ya pili ni venye unapanga sahani, ya tatu ni mguu yako, ya nne ni doze. Hizo zingine nitazipitia chap chap.

Mwaka wa 2015 serikali ilizunguka Kenya yote ikipima watu wa miaka 18 hadi 69. Karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na presha. Asilimia 27 walikuwa wamepita uzito yenye inafaa, na kwa mamanzi na mamathe namba ilikuwa karibu 39. Lakini yenye ilinibamba vibaya ni hii: kama asilimia 88 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari hata siku moja kwa maisha yao. Yaani toa wasee kumi kwa nganya, ni mmoja tu, kama yuko, ndio anajua sukari yake inasoma ngapi. Hao wengine wote wanajua odds za wikendi.

Na usinishow ati we ni chali wa miaka 24, hiyo ni mambo ya mabuda. Hii sukari ya aina ya pili haiingiangi na fujo. Inaweza kaa miaka mob ikijijenga pole pole. Hauskii kitu. Unapiga luku, unacheza boli Camp Toyoyo, unarusha mapicha, kumbe huko ndani mambo ilishaanza kuharibika kitambo.

Wacha nikuchoree. Ukidishi chapo, ugali, ndazi ama ukashukisha soda, mwili inavunja hiyo kitu inakuwa glukosi, na glukosi inaingia kwa damu. Chukua hiyo glukosi kama abiria. Inafaa itoke barabarani, ipande, iende kwa seli ichomwe ikuwe nguvu. Mwenye anapandisha ni insulini, homoni yenye hutoka kwa kongosho, na huyo ndiye makanga: anagonga bodi, mlango inafunguka, watu wanaingia. Sasa kama kila masaa mawili unamwaga abiria steji, chai ya sukari, ndazi, soda, biskuti, chipo, kuna mahali seli zinajaa na kuchoka na hizo kelele. Makanga anagonga, mlango haifunguki. Kongosho ikiona hivyo inaleta makanga wa pili, wa tano, wa kumi. Kwa muda hiyo inafanya. Ukipimwa sukari inasoma poa, lakini ndani makanga kumi wanafanya wera ya mmoja. Siku kongosho itachoka, abiria watabaki barabarani, na barabara yenyewe ni mishipa yako ya damu: ya macho, ya figo, ya miguu, ya moyo. Majamaa, na ya huko chini pia. Ndio, nimesema.

Glukosi yenye imekosa pa kuenda, ini inaigeuza mafuta. Mafuta ingine inabaki hapo kwa ini, ingine inajipanga kwa tumbo ikizunguka viungo. Hiyo ya ndani ndio noma kushinda ile ya kushika kwa mkono, na ndio maana msee mwembamba hana cheti ya kuringa nayo. Kuna watu wembamba kabisa wako na sukari. Kuna ishara ingine yenye wasee hukosea: shingo kuwa nyeusi, ngozi imekuwa nene kama velveti, hapo nyuma na kwa makwapa. Watu husugua na sabuni na limau wakidhani ni uchafu. Mara nyingi hiyo ni insulini imepanda sana kwa damu. Usisugue, enda upimwe.

Madaki huangalia vitu tano. Kiuno: jamaa akifika sentimita 94 na dem akifika 80, hiyo ni alama moja. Presha kuanzia 130 kwa 85. Sukari ya asubuhi kabla haujatia kitu kwa mdomo, kuanzia 5.6. Mafuta ya damu yenye huitwa triglisaridi, kuanzia 1.7. Ya mwisho ni kolestro ile nzuri ikishuka sana. Ukiwa na tatu kati ya hizo tano, uko kwa laini ya sukari na ya moyo, hata kama hauskii kuumwa popote.

Kama hauna hata tepu ya fundi, chukua kamba. Jipime urefu kutoka kisigino hadi kichwa, kata hapo, kisha ikunje mara mbili. Zungusha hiyo nusu kwa tumbo, juu kidogo ya kitovu, ukiwa umepumua kawaida bila kuvuta tumbo ndani kama uko kwa picha. Ncha zikishikana, uko poa. Zikikataa, hiyo kiuno imepita nusu ya urefu yako na ni wakati ya kufanya kitu. Hata madaki wa Uingereza waliweka hiyo hesabu ya nusu kwa miongozo yao 2022, na haihitaji mashine.

Sasa tuingie kwa mambo ya mdomo, na mimi naanza na kinywaji ju hapo ndio kuna dhambi ya mtaa. Soda ya nusu lita iko na karibu gramu 50 za sukari. Kijiko ya chai ni kama gramu 4. Piga hesabu: hizo ni vijiko kumi na mbili na zaidi, unashukisha kwa dakika tano ukingoja chapo. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nguvu yenye unakula kwa siku, na ikishuka chini ya 5 ndio fiti zaidi. Hiyo 5 ni kama gramu 25, vijiko sita, siku nzima. Soda moja imekupeleka mara mbili ya hapo na haujakunywa chai ya asubuhi.

Hizo enaji za chupa za plastiki ni soda ingine yenye imevaa suti. Nyingi ziko na sukari inakaribiana na soda, alafu wameongeza kafeini. Geuza chupa, soma lebo, tafuta laini ya sukari kwa kila mililita 100. Ukiona 10 ama 11, zidisha na hizo mia ziko ngapi kwa chupa, ujionee. Wasee wa nduthi na wa shifti za usiku ndio wamekamatwa hapo zaidi, na naelewa, ju wera inataka macho. Lakini hiyo macho unaeza ipata kwa strungi bila sukari, ama kahawa ya yule mzee wa birika.

Chai yenyewe sasa. Sisi ni nchi ya chai, siwezi kukushow uwache chai, mathe atanifuata. Lakini cheki: vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu vya kujaa kila kikombe, hiyo ni kama gramu 40. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi inazoea haraka kuliko venye unadhani. Baada ya mwezi moja ukipewa ile chai ya matanga yenye kijiko inasimama, utaskia kama ni sirapu.

Juisi pia imetudanganya. Matunda ikikamuliwa, nyuzi zake zinabaki kwa mashine na wewe unabaki na maji ya sukari. Kula chungwa yenyewe. Hata miwa, ile ya kutafuna ni afadhali kuliko ile ya kusagwa wanakuuzia kwa glasi: meno inachoka, tumbo inapata muda, na hakuna vile utatafuna miwa mita mbili mara moja. Kama ni kitu moja tu utabadilisha kwa hii stori yote, badilisha kinywaji. Wacha soda ikuwe ya harusi na Krisi. Hiyo peke yake itakusongesha mbali kuliko daiet zote za mtandao.

Sasa kibanda. Mimi ni msee wa kibanda na sitaki kuskia mtu akidharau kibanda. Hapo ndio dishi poa ya mtaa iko, ukijua kuitisha. Shida ni venye sisi huitisha: chapo tatu na madondo nusu kijiko, ama ngima ya kuzuia mlango na kasukuma kako hapo kando kama pambo. Pindua. Ambia mathe akupatie chapo moja, madondo ya kujaa sahani, na sukuma. Atakucheki akuulize, "Kijana wangu, kwani umesota?" Mwambie hapana mathe, nimeamka.

Madondo, ndengu, kamande na githeri ziko na protini na nyuzi, na hizo nyuzi zinafanya glukosi iingie kwa damu pole pole, si kwa kishindo. Zinakushibisha hadi jioni, na ni za bei ya mtaa. Githeri tuliichukia ju ya shule, ile ya maji na wadudu, na hata siwalaumu wasee. Lakini githeri ya kukaangwa na nyanya, dania na avocado ni dishi ya mfalme. Nani alituambia ati hiyo ni chakula ya kusota?

Kuna ujanja ingine ya sahani yenye hailipishwi. Anza na mboga na protini, maliza na ugali ama wali. Mwaka wa 2015 watafiti wa New York walijaribu hivyo na wasee wachache wenye walikuwa na sukari: dishi ile ile, kipimo ile ile, ni mpangilio tu walibadilisha. Wenye walianza na mboga na nyama kisha wakamaliza na mkate na juisi, sukari yao ilipanda kidogo sana kuliko siku walianza na mkate. Ilikuwa ni kikundi kidogo, usiibebe kama Biblia, lakini ni kitu ya kujaribu leo lunch na hakuna hasara. Kula sukuma yako kwanza. Ugali haitoroki.

Na ugali yenyewe, shida si ugali, ni saizi na unga. Unga nyeupe ya pakiti imekobolewa hadi kilichobaki ni wanga. Enda posho mill, saga mahindi na maganda yake, changanya na wimbi ama mtama. Rangi inabadilika, ladha inarudi ile ya shosho, na ngumi moja inakushibisha. Hapo kando weka managu, terere ama kunde za kujaa, mama mboga atakuchambulia na kukukatia hapo hapo ukipiga stori. Omena ya kukaangwa na nyanya. Yai. Avocado ikiwa msimu ziko kila kona hadi wanauza kwa mkokoteni. Hakuna kitu hapo imetoka Ulaya.

Chipo? Kula, lakini usiifanye ikuwe supper ya kila siku. Viazi si adui, ni ile mafuta nyeusi yenye imechemka tangu Jumatatu, chumvi ya kumwagwa, na ile soda yenye lazima iende nayo. Mutura nayo siisemi vibaya. Vipande viwili vya mutura na kachumbari saa kumi na mbili jioni havijawahi kumaliza mtu. Vipande kumi na mbili ndio noma.

Saa ya kudishi pia iko na maana. Usiku mwili inashughulikia sukari vibaya kuliko asubuhi. Ukila sahani ya mlima saa nne na nusu usiku, kisha ukaanguka kwa kitanda, abiria wote wako steji na makanga amelala. Najua wengine mnafika keja saa tatu ju ya jam ya Mombasa Road. Basi pindua tena: kula mzito lunch, supper ikuwe nyepesi.

Sasa mguu, hapa ndio napenda. Misuli ndio mahali kubwa zaidi ya kupeleka glukosi ukishakula. Na misuli iko na kitu noma: ikifanya kazi, inafungua mlango yake yenyewe bila kungoja insulini. Unatembea, misuli inavuta glukosi kutoka kwa damu moja kwa moja. Hiyo nafuu inaeza kaa siku nzima ama zaidi baada ya zoezi moja. Ndio maana msee wa mkokoteni Marikiti anaeza dishi ugali yenye ingekuua wewe wa kukaa kwa kiti.

Mwaka wa 2022 kuna watafiti wa Ayalandi walikusanya tafiti kadhaa wakaona hata kutembea kidogo, dakika mbili hadi tano, baada ya kukaa na kula, inashukisha sukari kwa damu. Dakika mbili, buda! Hiyo ni kutoka kwa kibanda hadi steji ya pili badala ya steji ya kwanza. Ni kuenda dukani na mguu badala ya kuita nduthi ya mita mia nne. Ni kuinuka halftime uzunguke ploti badala ya kuchambua VAR ukiwa umekaa. Ukimaliza supper, usilale kwa sofa na simu kwa kifua. Osha vyombo, toa takataka, sindikiza manzi yako gate.

Kwa wiki, hesabu ya Shirika la Afya ni dakika 150 za kutembea kwa haraka ama kitu kama hiyo, pamoja na siku mbili za kujenga misuli. Hiyo 150 ni dakika 30 mara tano. Kama unaingia tao na Jogoo Road asubuhi, unajua venye jam ya City Stadium inakuanga: mat imesimama, dereva amezima injini, na msee wa nyuma anaanza kukoroma. Shuka. Pita Muthurwa na mguu hadi tao, utafika kabla ya hiyo mat na nusu saa yako ya siku imeisha. Ama shuka Pangani, pita Ngara. Lakini jioni usijifanye shujaa. Giza ikiingia panda mat, ju kupigwa ngeta haisaidii presha ya mtu.

Wenye wanaishi Pipeline wako na jim yenye hawajui. Flati ya floo saba, haina lifti, maji imepotea, na mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Panda nao mara mbili, badilisha mkono katikati, kisha uniambie kama mapaja haijawaka. Kule kwingine kuna zile jim za mtaa, vyuma ni mikebe ya rangi imejazwa simiti na vipuri vya gari. Zinafanya kazi sawa na za Westi, ju misuli haisomi jina ya kampuni kwa chuma. Na mamanzi, hii ni yenu pia. Kuinua vitu vizito haitakufanya uwe na mabega kama bouncer. Itakupatia mahali pa kuweka sukari, na hiyo ni bima ya miaka yenye inakuja. Wewe mwenye ulipata sukari ukiwa na ball, hata kama iliisha ukishazaa, risk yako ya kuipata tena iko juu sana. Pimwa kila mwaka.

Doze sasa, na hapa vijana tumekataa kuskia. Mwaka wa 1999, huko Chuo Kikuu cha Chicago, walichukua majamaa 11 vijana na wako fiti, wakawalalisha masaa manne tu kwa usiku, siku sita mfululizo. Uwezo ya mwili yao kuondoa sukari kwa damu ulishuka vibaya. Siku sita tu. Na hao walikuwa hawana deni ya Fuliza. Ukilala kidogo njaa pia inapanda, na haipandi na hamu ya managu, inapanda na hamu ya ndazi. Kama unafanya wera ya mtandao usiku, wateja wako Marekani, hauna choice ya saa, lakini uko na choice ya giza: pazia nzito, simu mbali, masaa saba ya mchana yaheshimiwe kama shifti yenyewe. Na usikule chakula kizito saa nane za usiku ju ya kuboeka.

Muguka na veve lazima tuziseme. Handas inakuja na moyo kupiga mbio na presha kupanda, njaa inapotea, doze inapotea, alafu mdomo ikikauka unaitisha soda na peremende. Asubuhi mwili inadai deni yote mara moja. Tei nayo: ini ikipewa pombe inaweka kando kazi ingine yote hadi iimalize, mafuta inabaki ikingoja, na baada ya tei hakuna mtu hutafuta kabeji. Fegi inapandisha risk ya sukari kwa asilimia 30 hadi 40. Hizo tatu sina mengi ya kuongeza, mnazijua.

Kuna wale watakuuzia chai ya kupunguza tumbo kwa status. Nyingi ni dawa za kuendesha tu, utashinda choo na kitambi itabaki. Ile sindano ya Ozempic ni dawa ya ukweli ya sukari, lakini ni ya daki kuandika, si ya kununuliwa kwa DM kutoka kwa mtu anauza pia wigi. Kabla ya ganji yako iende huko, skia hii. Marekani walifanya utafiti mkubwa na watu 3,234 wenye sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini haijafika ugonjwa. Wengine walipewa dawa ya metformini. Wengine walifunzwa kula poa, kutembea dakika 150 kwa wiki na kupunguza asilimia 7 ya uzito, yaani msee wa kilo 85 ashukishe kama sita. Matokeo ilitoka 2002: dawa ilipunguza wenye walipata sukari kwa asilimia 31, na hao wa kutembea na sahani kwa asilimia 58. Mguu ilishinda tembe.

Lakini nyaka hii vizuri: hao walikuwa bado hawajapata ugonjwa. Kama mzae ama mathe tayari ako kwa dawa ya sukari ama presha, hakuna kuwacha ati ju kuna msee aliandika mambo ya madondo. Dawa inaendelea, madondo inaongezwa, na daki ndio anaamua kama dozi itashuka.

Mtaa pia inatubana, wacha nisijifanye. Kuna maploti haina hata mahali pa kuruka kamba, barabara hazina njia ya miguu, uwanja wa watoi uligeuzwa godauni, na mboga ikipanda bei smokie inabaki pale pale. Hiyo si makosa yako na hakuna press-up inaitatua. MCA wako aulizwe uwanja ulienda wapi. Ukingoja jibu, endelea na chenye kiko kwa mkono yako.

Na kupimwa iko kwa mkono yako. Tangu Septemba 2023 serikali ilipatia wahudumu wa afya ya jamii, wale CHP, mikoba ya vifaa, na ndani kuna mashine ya presha na ya sukari. Wako karibu laki moja nchi nzima, na mtaa yako iko na wake. Uliza mama mboga, anamjua. Ama ingia kemisti, utadungwa kidole na pesa kidogo. Enda asubuhi, masaa nane bila kula, maji tu. Chini ya 5.6 uko fiti. Kati ya hapo na 6.9, anza hii mambo leo. Ikisoma 7 na kuendelea, enda hosi upimwe tena, usingoje kiu, kukojoa kila saa ama macho kuona ukungu. Kama mzae ama mathe ako na sukari, wewe ndio wa kwanza kwa laini. Fanya hiyo kabla ya wikendi, na ubebe mabeshte wako wawili.